Chipu Haifi kwa Waya Unaouogopa

Kijana anapata koili ya plagi kutoka kwenye gari bovu, anaiunganisha na betri ya volti 12 kupitia mosfeti, kisha anaweka Arduino ya kuwasha na kukata. Cheche inaruka vizuri, ya buluu, yenye mlio mkavu. Baada ya dakika mbili Arduino inazimika na kuanza upya. Baada ya tano haiamki tena. Anakagua waya wa volti nyingi: haujagusa kitu, na mpira wake hauna ufa. Bodi ilikuwa pembeni, shubiri nzima kutoka kwenye cheche. Anahitimisha kwamba aliuziwa feki, anarudi Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, kununua nyingine, na ya pili inakwenda njia ileile.

Mara nyingi bodi haikuwa feki. Waya mnene wenye kilovolti 20 ndio uliozaa msiba, lakini siyo uliobeba umeme hadi kwenye chipu. Umeme ulipita mahali ambapo mchoro wa saketi hauonyeshi njia: hewani, kwenye graundi, na ndani ya nyaya za bodi yenyewe. Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Kabla hujanunua kifaa chochote cha kinga, chukua karatasi na kalamu, uchore mkondo wa cheche unarudi wapi. Kila mkondo hurudi ulikotoka. Usipouandalia njia fupi ya kurudi, utajipatia njia wenyewe, na mara nyingi njia hiyo itapita kwenye kile kifaa dhaifu kuliko vyote mezani.

Tuanze na hewa. Vipande viwili vya chuma vinavyotazamana bila kugusana tayari ni kapasita, hata kama hukununua kapasita yoyote. Waya wa volti nyingi na mstari wa shaba kwenye bodi yako vinaweza kuwa na pikofaradi 1 baina yao, kiasi kidogo ambacho multimeta ya kawaida haikioni. Volti zikiwa zimetulia, kapasita hiyo haipitishi kitu. Lakini cheche haitulii. Inapopasua hewa, kilovolti 10 zinaporomoka ndani ya nanosekunde 100 hivi. Piga hesabu: pikofaradi 1 mara kilovolti 10, gawanya kwa nanosekunde 100, unapata miliampea 100. Mguu mmoja wa ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno, umewekewa kikomo cha miliampea 40, na volti zake hazitakiwi kuzidi za chakula chake kwa zaidi ya nusu volti. Pigo ni fupi, kwa hiyo si kila moja linaua. Ila linatosha kugeuza sifuri kuwa moja, kugusa mguu wa riseti, au kuisukuma chipu katika hali ya kujifunga, ambapo inavuta umeme wa betri yake bila breki mpaka inaungua. Ndiyo maana mwanafunzi anayegusa chipu iliyokufa huikuta ya moto ingawa cheche haikuifikia.

Kuna pia mawimbi. Mwaka 1887 huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha cheche kwenye kifaa kimoja, akaona kicheche kidogo kikiruka kwenye pengo la pete ya waya iliyosimama mbali, bila waya wowote kuviunganisha. Hivyo ndivyo mawimbi ya redio yalivyothibitishwa. Pete ya Hertz unayo mezani kwako: ni ule waya wa sensa uliotoka kwenye bodi, ukazunguka kikombe cha chai, kisha graundi yake ikarudi kwa upande mwingine. Kadiri eneo lililozungukwa na nyaya hizo linavyokuwa kubwa, ndivyo zinavyovuna mawimbi mengi zaidi. Suka waya wa kwenda na wa kurudi pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, ufupishe kadiri uwezavyo, na pale ambapo lazima upite karibu na waya wa volti nyingi, ukatize kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba nao. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi, na katika mitambo mingi midogo inaleta nafuu kuliko kifaa chochote cha dukani.

Graundi ndiyo inayowadanganya wengi. Katika mchoro graundi ni alama moja, kana kwamba mahali pote penye alama hiyo pana volti sifuri. Katika waya halisi sivyo. Sentimita 10 za waya zina takribani nanohenri 100, na cheche inayopandisha mkondo wake ampea 10 ndani ya nanosekunde 10 itazaa volti 100 kati ya ncha moja ya waya huo na nyingine. Volti 100, ndani ya waya unaouita sifuri! Kama Arduino imeshika graundi upande mmoja wa waya huo na mosfeti upande wa pili, basi mguu unaoziunganisha umekula tofauti yote. Kwa hiyo mkondo wa cheche usipite kamwe kwenye waya ambao bodi inautumia kama graundi. Peleka waya wa kurudi wa koili moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri yake, mfupi na mnene. Graundi ya bodi ikutane na huo mahali pamoja tu, na kama unaweza, isikutane nao kabisa.

Inawezekana, na ndilo jambo ningependa kila anayejenga alifanye kabla ya mengine yote: tenga pande mbili kwa mwanga. Optokapla ni kijitaa na kipokea mwanga ndani ya ganda moja. Upande mmoja unawasha taa, upande wa pili unaiona, na baina yao hakuna shaba. PC817 ipo karibu katika kila chaja ya kompyuta na pawa saplai ya TV iliyotupwa, na imepimwa kuhimili volti 5,000 kati ya pande zake. Lakini usiielewe vibaya namba hiyo. Ni kipimo cha dakika moja kiwandani, si ruhusa ya kuitundika kwenye kilovolti 10 mchana kutwa. Miguu ya pande mbili imetengana milimita kadhaa tu, na vumbi na unyevu wa juu ya bodi vitaipunguza nafasi hiyo. Kata upenyo kwenye bodi chini ya tumbo lake, katikati ya safu mbili za miguu, ili umeme usitambae juu ya ubao. Optokapla inafaa sana kati ya maikrokontrola na upande wa msingi wa koili, ambako kuna volti mia chache. Kati ya maikrokontrola na upande wa volti nyingi zenyewe, haitoshi.

Huko tumia uzi wa mwanga. Nyaya za sauti za aina ya TOSLINK, zinazouzwa kwa ajili ya hom thieta, ni uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1. Toboa kichwa cha LED nyekundu kwa uangalifu bila kufikia waya wake wa ndani, gundisha ncha ya uzi, na ncha ya pili iangalie fototransista iliyofichwa gizani. Saketi rahisi ya namna hiyo inabeba ujumbe wa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kasi inayotosha kuamuru koili na kurudisha vipimo. Mita moja ya uzi ni mita moja isiyo na shaba, na hakuna optokapla ya bei yoyote inayokupa umbali huo.

Kabla sijaendelea na vifaa, niseme juu ya mtu. Chipu ya elfu chache inanunulika tena. Transfoma ya maikrowevu inatoa takribani volti 2,000 zenye mkondo mkubwa wa kuua hapohapo, na imewaua watu Marekani waliokuwa wakiitumia kuchora mapambo ya umeme juu ya mbao. Usiitumie, hata kama fundi jirani anakupa bure. Kapasita za volti nyingi na kioo cha TV ya chogo hubaki na umeme baada ya kuzimwa: funga rezista ya kumwagia umeme moja kwa moja kwenye kapasita, iwe hapo siku zote, na bado upime kabla ya kugusa. Mkono mmoja uwe mfukoni. Asifanye mtu kazi hii peke yake, na anayebeba kifaa cha moyo asikaribie chumba hicho. Yote nitakayosema kuhusu kulinda chipu yanafaa tu kama haya yameshatimizwa.

Umbali sasa. Vitabu vinasema hewa inavumilia kilovolti 3 kwa milimita, na ni kweli, lakini kati ya matufe mawili laini, kwenye usawa wa bahari. Ncha kali za waya na vilima vya risasi ya kulehemu huvujisha umeme mapema, kwa sauti ya kufoka na mwanga hafifu wa zambarau, na cheche kutoka kwenye ncha huruka mbali zaidi. Mimi hushauri sentimita 1 ya hewa kwa kila kilovolti 5, na mara mbili ya hapo pale ambapo umeme unaweza kutambaa juu ya ubao au plastiki. Kilovolti 20 ziachiwe sentimita 4 hewani na 8 juu ya uso wa kitu. Maungio yote ya volti nyingi yalehemiwe mviringo, bila mkia unaochomoza. Boksi la bodi likae angalau nusu mita kutoka kwenye cheche, na mita nzima ni bora.

Aliyeko Nairobi aongeze. Mji uko juu karibu mita 1,700, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti za kupasua pengo hutegemea shinikizo la hewa mara upana wa pengo. Maana yake ni kwamba mtambo uliotulia kabisa Mombasa ukipelekwa Nairobi kwa maonyesho ya sayansi unaweza kuanza kurusha cheche mahali usipotarajia, bila kubadilishwa hata skrubu. Pwani nayo ina taabu yake. Chumvi na unyevu hukaa juu ya ubao, umeme unaanza kutambaa, unachoma njia nyembamba nyeusi, na mkaa huo unapitisha umeme. Ukiona mstari mweusi juu ya bodi usiufute ukaendelea. Ukwangue wote mpaka ubao safi uonekane, au utupe kipande hicho. Safisha bodi kwa spiriti, ikaushe, kisha imwagie nta ya mshumaa iliyoyeyushwa au vanishi sehemu za volti nyingi. Mbao si kihami wakati wa masika. Ukizamisha koili kwenye mafuta ili kuihami, usitumie mafuta ya transfoma ya barabarani: ni mali ya umma, na yale ya zamani huweza kuwa na kemikali zenye sumu. Mafuta safi ya madini kutoka duka la dawa yanatosha kwa koili ndogo.

Boksi ni sehemu inayohitaji subira, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba cha mbao kilichofunikwa kwa chuma ndani ya Royal Institution, London, akakichaji umeme mkali kwa nje, akaingia ndani na vipimo vyake nyeti. Havikuonyesha kitu. Wewe huhitaji chumba. Bati la biskuti au kopo la maziwa ya unga linafaa. Kwangua rangi pale kifuniko kinapokutana na mwili wa kopo, ili chuma kiguse chuma kuzunguka pande zote, kwa sababu ufa mrefu mwembamba hupitisha mawimbi kuliko matundu mengi madogo ya duara. Ukihitaji hewa ya kupooza, toboa matundu madogo mengi. Ndani ya kopo bandika karatasi ngumu au plastiki ili bodi isipige shoti.

Kisha nyaya zinazoingia. Kopo zuri lenye waya mmoja unaopenya bila kuchujwa ni chandarua chenye tundu: mbu mmoja anatosha. Kila waya, hata ule wa swichi tu, ukutane na kapasita ya nanofaradi 1 palepale unapoingia, mguu mmoja kwenye waya na mwingine umelehemiwa kwenye ukuta wa kopo, miguu ikiwa mifupi kabisa. Ndani ya tundu hilo upite kwenye feraiti. Kile kinundu kwenye kebo ya kioo cha kompyuta ya zamani ni feraiti. Kipasue uitoe, uzungushe waya wako humo mara mbili au tatu. Kebo yenye koti la chuma, koti lake lishikwe na ukuta wa kopo pande zote, lisivutwe ndani kama mkia hadi kwenye bodi, kwa maana mkia huo ndio unaoingiza kile ulichotaka kukizuia.

Wengi wanaotumia ESP32 hukwama hapa: ndani ya kopo la chuma Wi-Fi inakufa. Wanatoa antena nje, na antena inaleta cheche ndani. Chagua moja. Ama uandike vipimo kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kopo na uvisome baadaye, ama upitishe uzi wa mwanga hadi kwenye bodi ya pili iliyoko mbali, na hiyo ndiyo iwe na Wi-Fi. Kumbuka pia kwamba ESP32 inaishi kwa volti 3.3 na mwisho wake ni 3.6, kwa hiyo ina nafasi ndogo ya kuvumilia kuliko Arduino Uno. Kwa anayeanza, napendekeza Uno ile yenye chipu ndefu ya miguu 28 iliyochomekwa kwenye soketi. Chipu ikifa unaing'oa na kuchomeka nyingine, bila kutupa bodi nzima.

Chakula cha bodi kitoke kwenye betri yake yenyewe. Chaja ya simu ina kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa volti 5, na kwa njia hiyo cheche yako inaingia kwenye nyaya za nyumba, hadi kwenye TV ya sebuleni. Betri za 18650 zilizo ndani ya kopo pamoja na bodi ni bora. Pawabenki nyingi huzimika zenyewe zikiona mzigo mdogo, na Uno inakula miliampea zipatazo 50 tu, basi ijaribu kabla ya siku ya maonyesho. Betri ya koili iwe nyingine, ikae upande wake. Kwenye bodi, kila chipu iwe na kapasita ya nanofaradi 100 iliyo karibu kabisa na miguu yake ya chakula, na mguu wa riseti uvutwe juu kwa rezista ya kiloohmu 10.

Na kompyuta? Usiunganishe kompyuta kwa USB wakati volti nyingi zimewashwa. Pakia programu, chomoa kebo, ndipo uwashe. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu laptopu ya mwanafunzi mara nyingi ni ya kukopa au ni ya familia nzima, na waya wa USB una graundi inayounganisha moyo wa kompyuta na meza yenye cheche. Simu nayo isogezwe mbali mita kadhaa. Vioo vya kugusa huchanganyikiwa vikiwa karibu na koili.

Turudi kwenye mosfeti, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango wa mbele. Koili ya gari la zamani hulishwa volti 12 na kukatwa ghafla, na kila inapokatwa upande wake wa msingi unaruka hadi volti 300 au 400. Koili ya pikipiki yenye CDI ni tofauti kidogo, yenyewe inapigwa moja kwa moja na kapasita iliyochajiwa volti mia mbili na zaidi. Wanafunzi wengi hutumia IRFZ44N kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka. Kikomo chake ni volti 55. Inapasuka, na inapopasuka mara nyingi hupiga shoti ndani, ikifungua njia kutoka kwenye koili hadi kwenye geti, na kutoka kwenye geti hadi kwenye mguu wa Arduino. Tumia IGBT zilizotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa plagi, au mosfeti ya volti 500 au 600. Kati ya geti na sosi weka zena ya volti 15, kwa sababu geti nyingi hazivumilii zaidi ya 20, pamoja na rezista ya kiloohmu 10 ya kuifunga geti pale waya unapochomoka. Amri kutoka kwenye Arduino ipite kwenye optokapla. Hapo mosfeti ikifa itakufa peke yake.

Kupima volti nyingi kuna hatari ya namna yake. Usichomeke multimeta ya kawaida kwenye flaibeki, ile transfoma ya volti nyingi ya TV ya chogo. Zile za njano za DT830 zimeandikwa mwisho volti 1,000 za mkondo mnyoofu. Tengeneza kigawanyo cha volti. Rezista ya robo wati kwa kawaida inavumilia volti 250 tu, hata kama ohmu zake ni nyingi, kwa hiyo kwa kilovolti 10 panga rezista 50 za megaohmu 10 mfululizo, jumla megaohmu 500, kila moja ikibeba volti 200. Chini kabisa weka kiloohmu 50. Kilovolti 10 zikipita zitaacha volti 1 kwenye rezista hiyo ya chini, na hiyo ndiyo Arduino itakayosoma. Zipange kwa mstari mrefu ndani ya bomba la plastiki, usizikunje zikarudi zilikoanza, kwa sababu mwanzo na mwisho vikikaribiana cheche itaruka kigawanyo chote. Rezista ya chini isiwe moja. Tumia mbili za kiloohmu 100 sambamba, zilehemiwe, zisichomekwe kwenye bredibodi: ikichomoka rezista pekee ya chini, mguu wa chipu utabaki uso kwa uso na kilovolti 10. Kutoka hapo hadi kwenye mguu pita kwenye kiloohmu 10, kisha dayodi mbili za Schottky, moja ikielekea chakula na nyingine graundi.

Kwa uzio wa umeme, ambao wengi nyumbani na mashambani wanataka kuujengea kengele ya simu, sioni haja ya kigawanyo. Mashine hizo hupiga takribani mara moja kwa sekunde, kwa kilovolti 5 hadi 10, na waya mrefu wa uzio hukusanya pia radi. Usiuguse kabisa. Kipande cha waya kilichowekwa sambamba na uzio, bila kuugusa, kinaweza kuwasha kitaa cha neoni kama kile kilicho ndani ya testa ya bisibisi. Kitaa kiwe huko huko, na fototransista iliyo ndani ya kopo lako ikione kupitia uzi wa mwanga. Epuka sensa ya mwanga ya LDR kwa kazi hii. Ni nzito, na pigo la uzio ni fupi mno, litapita kabla haijashtuka.

Vifaa vya kinga vya dukani nimeviacha nyuma kwa makusudi. Vinafaa, lakini kwa mpangilio. Mrija wa gesi unabeba mkondo mkubwa ila unachelewa kuwaka. Dayodi ya TVS inawahi ila ina mwili mdogo: P6KE, kwa mfano, inabeba wati 600 kwa pigo la milisekunde 1. Vikiunganishwa sambamba bila kitu kati yao, TVS hushika mzigo wote na kuungua kabla mrija haujaamka. Weka mrija mlangoni, halafu rezista au koili ndogo, halafu TVS, halafu rezista nyingine, halafu mguu wa chipu. Na miguu ya graundi ya vyote iende kwenye ukuta wa kopo kwa waya mfupi. TVS yenye mguu wa sentimita 10 hukumbana na zile volti 100 tulizozihesabu juu.

Anayejenga koili ya Tesla achimbie nondo yake ya arthi, kama mita moja na nusu, mahali penye unyevu, na aunganishe humo ncha ya chini ya koili kubwa. Asitumie waya wa arthi wa nyumba. Waya huo unapita kwenye friji, kompyuta na TV za kila chumba, na katika nyumba za kupanga unapita hadi kwa majirani.

Programu pia ina kazi yake. Wewe ndiye unayeamuru cheche, kwa hiyo unajua fujo itakuja lini. Soma sensa kabla ya cheche, au subiri milisekunde chache baada yake, usisome katikati. Soma mara tano uchukue thamani ya kati. Miguu isiyotumika isiachwe ikielea. Washa kilinzi kinachoianzisha chipu upya ikikwama, na uhakikishe kwamba kila inapoanza upya koili imezimwa, siyo imewashwa.

Halafu jaribu, bila koili. Kiwashio cha jiko la gesi cha kubonyeza kinatoa kilovolti zaidi ya 10 zenye nguvu ndogo. Washa bodi ndani ya kopo lake, iwe inahesabu na kuwasha taa, kisha bonyeza kiwashio nusu mita kutoka kwake. Sogea. Bonyeza karibu na kila waya unaoingia, karibu na ufa wa kifuniko, karibu na betri. Pale inapojianzisha upya ndipo penye tundu. Viwandani hufanya jaribio la namna hii kwa bunduki ya cheche, kilovolti 8 kwa kugusa na 15 kwa hewa. Ukishamaliza, chukua redio ndogo ya transista, iweke mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, washa koili, uitembeze redio kuzunguka meza. Itakwaruza kwa nguvu penye waya unaovujisha kelele, na utashangaa mara ngapi ni waya ambao hukuufikiria.

Bodi iliyopigwa ikaamka tena isiaminiwe haraka. Pigo la cheche linaweza kutoboa tabaka jembamba ndani ya chipu bila kuiua, ikafanya kazi wiki kadhaa kisha ikaanza kusoma uongo. Pima mkondo inaokula ukiwa umechomoa kila kitu, linganisha na bodi mpya ya aina hiyo, na ikiwa imezidi, iweke kando. Kisha soma kila mguu wa analogi ukiupa volti zilezile: mguu unaotofautiana na wenzake ndio uliopitiwa na umeme. Chipu hiyo inafaa kujifunzia programu mezani. Usiipeleke kwenye uzio unaolinda ng'ombe wa mtu, wala kwenye koili ambayo watoto wa shule watasimama mbele yake.